Sindano Kali Siyo Kila Mara Dawa

Askari alazwapo Mulago, hospitali kuu ya rufaa mjini Kampala, jamaa zake humuuguza kando ya kitanda. Jeraha likizidi kutoa usaha, wao huwa wepesi kudai sindano kali zaidi. Dai hilo lina hatari. Seftriaksoni, iliyozoeleka mno Uganda, Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu; kolistini ni akiba ya mwisho. Vijidudu vikishaizoea akiba hiyo, daktari hubakiwa na kisu, au mikono mitupu.

Basi yafaa usaha au damu ipelekwe maabara, ikiwezekana kabla ya dozi ya kwanza. Huko vijidudu hukuzwa na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali, kazi ya siku mbili tatu hivi. Mgonjwa mahututi hangojei: huanzishiwa dawa mara moja, nayo hubadilishwa majibu yafikapo, pengine kwa iliyo ya zamani na ya bei nafuu. Hapo jamaa hunung'unika kwamba mtu wao amepunguziwa matibabu. La hasha! Penisilini inayoviua vijidudu vyake yashinda sindano ya bei kubwa visiyoiogopa.

Wenye kuuguza na waulize kama majibu yamefika, wanawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake. Vijidudu sugu huhama kitanda hadi kitanda kwa vidole.