Sifa si Theluji

Katika Ulaya, watu wengi huenda milimani wakati wa baridi ili kuteleza juu ya theluji kwa mbao zilizofungwa miguuni. Mchezo ni mzuri, lakini desturi ya kuchagua mahali pa kuuchezea ni mbaya. Mtu husikia Kitzbühel, husikia Chamonix, mara hufunga mizigo. Akiulizwa sababu hujibu, "Kizuri chajiuza." Mithali hiyo ni njema sokoni, katika milima ya Alps hudanganya.

Kitzbühel, katika Austria, ni mji wa kupendeza, na mashindano yake ya kuteremka mlima yana sifa duniani. Lakini umejengwa penye kimo cha mita 760 hivi tu juu ya bahari, na ingawa milima yake hufika karibu mita 2,000, miteremko mingi hushuka hadi chini huko. Theluji haijali sifa. Hufuata baridi, na baridi hufuata kimo: mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kiasi cha digrii 6. Kwa hiyo mvua yaweza kunyesha Kitzbühel siku ile ile theluji iangukapo Val Thorens, katika Ufaransa, penye mita 2,300. Tena kimo si hoja ya pekee. Mteremko uelekeao kusini huchomwa na jua mchana kutwa; uelekeao kaskazini hutunza theluji yake. Ni nani katika wapenda majina aliyepata kuuliza mteremko waelekea wapi?

Watanijibu kuwa siku hizi kuna mashine za kutengeneza theluji. Zipo, lakini nazo hutaka baridi na maji mengi. Hewa ikiwa na joto, hazitoi ila manyunyu. Dunia inazidi kupata joto, na miji ya chini ndiyo inayoumia kwanza.

Watasema pia kuwa Val Thorens hapana miti wala nyumba za kale. Ni kweli. Upepo ukivuma sana, viti vipandishavyo watu kwa kamba husimamishwa. Na ukungu ukishuka, mtelezaji hana hata mti wa kumwongoza. Simwambii mtu akimbilie kila palipo juu. Namwambia apime.

Na ajipime mwenyewe kwanza. Chamonix, ilikofanyika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, kuna miteremko mikali, nayo imetengana hata mtu hulazimika kupanda basi kutoka mmoja hadi mwingine. Bingwa hufurahi hapo. Anayejifunza hurudi na hofu, pengine na mguu uliovunjika, na akiba yake ya mwaka mzima imekwisha.

Kosa si la mji wenye jina; ni la mtu aliyeazima macho ya wenzake akayaacha yake nyumbani. Mwenye busara huuliza kimo, huuliza mwelekeo wa mteremko, huuliza uwezo wa miguu yake. Jina huliuliza mwisho.