Asiye na tairi hana mbio: hesabu ya autokrosi kutoka Elburgon

Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kambi yake ilipigwa Naivasha. Kutoka hapo hadi Elburgon ni safari ya saa chache tu, na tangu hapo vijana wengi wa Bonde la Ufa, kama wenzao wa huku kwetu Pwani, wanauliza: na sisi tuingilie wapi?

Mlango wa mtu wa kawaida ni autokrosi. Huhitaji mashine ya mamilioni wala helikopta ya kukufuata. Ni mzunguko mfupi wa udongo, na saa ndiyo hakimu. Toyota Starlet au Vitz iliyotengenezwa vizuri, ikafungwa vyuma vya kumlinda dereva na mkanda wa maana, inatosha kuanzia. Lakini gari hununuliwa mara moja. Matairi hununuliwa tena na tena, na hapo ndipo wengi huangukia.

Bei hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2016 Sameer Africa ilifunga kiwanda chake cha Nairobi, kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana, ikilalamikia bidhaa za bei ya chini kutoka nje. Tangu hapo soko limezidi kuegemea meli. Tairi linashuka Kilindini, linalipiwa ushuru, linapanda lori, linapita mikono ya wafanyabiashara kadhaa, ndipo lifike duka la Elburgon. Dola ikipanda, kijana wa Elburgon anaihisi mfukoni.

Basi mtu hutafuta njia ya mkato, na njia za mkato ni mbili. Ya kwanza ni rimu kubwa za kung'aa, inchi 17 au 18. Hizo ni za harusi. Rimu ikiwa kubwa, ubavu wa tairi huwa mwembamba, na kwenye makorongo pigo lote huishia kwenye rimu. Ile ya alumini ya bei ya chini hupasuka. Ya chuma hujipinda tu, na fundi akainyoosha. Kwa gari dogo, rimu ya chuma ya inchi 14 ndiyo mpango. Zile za Probox ya zamani zina matundu manne kwenye duara la milimita 100, sawa na Vitz na Starlet, na Probox zimejaa kila mji. Hata hivyo zijaribu kwanza: zisiguse breki, zisisugue bodi usukani ukikatwa hadi mwisho.

Njia ya pili ni tairi kuukuu lenye meno mazuri. Hapa macho hudanganya, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pinda mpira kwa kidole. Ukiona nyufa ndogo, liache hapo hapo. Rahisi huvunja upishi, na hapa huenda ikavunja zaidi ya upishi.

Elburgon iko nyanda za juu, karibu na msitu wa Mau, na mvua yake si ya kubahatisha. Udongo ukilowa, tairi pana la lami huteleza kama sabuni. Tairi jembamba la 175/70 R14, jipya, la kawaida, lenye meno yenye nafasi ya kutema tope, litamfaa anayeanza kuliko tairi la mashindano lililochoka. Na upepo usipunguzwe ovyo. Tairi likilegea sana huchomoka kwenye rimu kwenye kona.

Hata hivyo, ushauri kwa kijana mmoja hautoshi. Mwenye pesa akija na seti mpya kila raundi, saa itapima mfuko badala ya mkono. Dawa yake vilabu wanaijua: kuweka daraja la matairi ya barabarani pekee, na idadi maalumu kwa msimu, ikikaguliwa kwa alama kabla ya mbio. Mashindano ya dunia yenyewe huwapa timu kubwa mtengenezaji mmoja wa matairi na kuhesabu wanayotumia. Ikiwa Toyota na Hyundai wanahesabiwa, sembuse Vitz ya Elburgon?

Wapo watakaosema tajiri hatakosa ujanja. Kweli, ataweka injini bora. Lakini kwenye tope, nguvu isiyoshika ardhi ni kelele tu. Ukisawazisha matairi, umesawazisha sehemu kubwa ya mchezo. Vilabu vya Pwani navyo viliwaze hili, kwani bandari iko kwetu lakini bei bado inatuuma.