Chembechembe zikifa ndani ya uvimbe wa titi, ni dalili ya nini?

MWANAMKE akishatolewa kinofu cha uvimbe wa titi, hurudi hospitalini siku chache baadaye kuchukua ripoti ya maabara. Huenda akakuta imeandikwa kwamba baadhi ya chembechembe za saratani zimekufa. Ni rahisi kushusha pumzi na kusema: ikiwa ugonjwa unajifia wenyewe, dawa za nini tena? Msomaji, usiharakishe kushangilia.

Chembechembe za mwili hufa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kifo cha mpango. Chembe iliyochakaa hujiua yenyewe, ikanywea na kumezwa na jirani zake bila kuleta madhara. Mwaka 1972 wataalamu Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo hiki apoptosisi, neno la Kigiriki la kupukutika kwa majani. Ya pili ni kifo cha dhiki. Chembe hukosa damu na oksijeni, ikavimba na kupasuka. Hiki huitwa nekrosisi.

Nekrosisi katikati ya uvimbe mara nyingi huonyesha kwamba uvimbe umekua mbio hata mishipa ya damu ikashindwa kuulisha. Katikati panakufa njaa, lakini pembeni ungali ukipanuka. Hata apoptosisi ikiwa nyingi si salama. Mara nyingi uvimbe ambao chembechembe zake hufa kwa wingi ndio ule ule ambao chembechembe zake huzaana kwa wingi. Ni sawa na kijiji chenye mazishi kila siku, na bado wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaozikwa.

Mambo hubadilika baada ya tiba. Mgonjwa akipewa dawa za kuua saratani kabla ya upasuaji, kisha isipatikane chembe hai ya saratani kwenye titi wala kwenye tezi za kwapani, hiyo ni habari njema kwelikweli.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini daktari hatazami wingu moja. Hupima ukubwa wa uvimbe, daraja ya ukali wake, kama umefika kwenye tezi za kwapani, na kama una vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni au protini ya HER2 kwa wingi. Hayo ndiyo humwongoza kuchagua tiba.

Kwa hivyo usiache kliniki kwa sababu ya neno "zimekufa". Nenda na ripoti yako, uulize: Uvimbe ni wa daraja gani? Tezi zimeguswa? Vipokezi vimepimwa? Nchini Kenya, saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote, na ikigunduliwa mapema hutibika. Bwana, msindikize mkeo. Nawe binti uliyesoma, msomee mama ripoti yake. Mficha maradhi, kilio humfichua.