Mzabibu huku mlimani

Sisi tunaopanda mzabibu Kibosho, huku mlimani, adui yetu mkubwa si baridi, ni unyevu. Dodoma mzabibu unastawi kwa sababu mvua ni chache na kiangazi ni kirefu. Huku masika yakishika tu, ubwiri vinyoya huingia: madoa ya njano juu ya jani, ukungu mweupe chini yake, vishada vinaoza vikiwa vibichi. Tafadhali msipande mzabibu kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, chini ya migomba! Uwekeni ukutani panapopigwa na jua la asubuhi, kwenye chanja ya juu. Pogoeni masika yakiisha, zabibu ziive kabla ya vuli. Huku mzabibu haupumziki wenyewe kama Ulaya, mkasi ndio unaouchipusha. Anayeanza aanzie Moshi mjini, kwenye joto.