Sahihi Isiyo Picha

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, siku ambayo shule zilipaswa kufunguliwa kwa muhula wa pili, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Bw Ezekiel Machogu, aliahirisha ufunguzi kwa juma moja kutokana na mafuriko. Taarifa ilifika Maua na Siakago kama ilivyofika kwingineko: simu hadi simu. Ilikuwa ya kweli. Lakini mwalimu mkuu aliyeipakua alfajiri, wanafunzi wa bweni wakiwa wamekwisha kufunga masanduku, angeitofautisha vipi na uzushi? Kwa kutazama nembo, muhuri na sahihi, vitu ambavyo mtoto wa kidato cha pili aweza kuvinakili na kuvibandika atakako.

Kwangu mimi mwanaisimu, lugha yenyewe imechangia mkanganyiko huu. Neno sahihi tulilitwaa kutoka Kiarabu, tukalitwika mizigo miwili: jina ambalo mtu hulitia chini ya barua, na hali ya jambo kutokuwa na kosa. Basi twaona sahihi, twaamini usahihi.

Sahihi ya kidijitali si picha. Kompyuta huipitisha faili nzima katika hesabu inayozaa mfululizo mfupi wa herufi na tarakimu. Mtoaji huufunga kwa ufunguo wake wa siri, na mpokeaji huukagua kwa ufunguo wa hadharani. Tarakimu moja ikibadilishwa, tuseme Mei 6 ifanywe Mei 9, ukaguzi hukataa papo hapo.

Ila ufunguo huo wa hadharani usitoke pale pale ilikotoka faili. Aliyeghushi waraka hashindwi kuambatisha ufunguo wake mwenyewe. Ni sawa na kumpigia tapeli kwa nambari aliyoiandika yeye baruani, umwulize kama barua ni halali! Wala ukaguzi ukikubali, usidhani yaliyomo ni salama. Mnamo 2020 iligunduliwa kwamba wadukuzi walikuwa wamepenyeza msimbo wao katika programu ya kampuni ya Marekani, SolarWinds, kabla haijatiwa sahihi. Maelfu ya wateja waliipakua, nayo ina sahihi halali ya kampuni. Sahihi ile ilithibitisha ilikotoka, basi.

Sheria ya Kenya haituzuii; marekebisho ya sheria za biashara ya 2020 yalizitambua sahihi za kielektroniki hata katika mikataba. Kinachokosekana ni desturi. Idara zetu zikitaka kukana waraka bandia, huugonga neno jekundu na kuusambaza kama picha, nayo picha hiyo yaweza kughushiwa vile vile.

Naona ofisi za elimu za Meru na Embu zaweza kuanza. Alama za kuutambua ufunguo wa Wizara, wa Tume ya Kuwaajiri Walimu na wa Baraza la Mitihani zichapishwe karatasini, walimu wakuu wazichukue kwa mkono wanapokuja mikutanoni. Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Embu na wa kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru wawaonyeshe namna ya kukagua. Kompyuta moja kwa shule yatosha.