Ukungu kwenye vioo vya gari la shule ni pumzi za watoto wetu

Msimu wa baridi umeshika. Kuanzia Juni hadi Agosti wakazi wa Arusha tunaamka mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu, manyunyu yakishuka taratibu, na makoti yaliyolala chini ya sanduku tangu mwaka jana yakitoka tena. Saa 12 asubuhi, kukiwa bado giza, barabara za Njiro, Sakina na Moshono zimeshajaa magari ya njano ya shule, Noah za kukodi na wazazi wanaowahi kushusha watoto kabla ya kwenda kazini. Yaangalie magari hayo kwa makini. Mengi vioo vyake ni vyeupe kwa ndani. Dereva amefuta kwa kiganja sehemu ndogo mbele ya uso wake, ukubwa wa kisahani cha chai, na kupitia kisahani hicho anaendesha watoto kumi na wanne.

Wazazi wengi huchukulia ukungu huo kuwa kero ya dereva. Nauleta kwenye ukurasa wa familia kwa sababu unatuambia mambo mawili kwa mpigo: kama dereva anamwona mtoto wako anaposhuka, na mtoto wako anavuta hewa ya namna gani njiani.

Tuanze na unakotoka. Kila anayepumua anatoa mvuke. Mtu mzima hupoteza kati ya robo lita na nusu lita ya maji kwa siku kupitia pumzi peke yake. Mtoto hutoa pungufu ya hapo, lakini kwenye gari la shule hayuko peke yake. Ongeza masweta yaliyonyeshewa kituoni na tope la viatu kwenye mikeka, na mvuke wote huo unatafuta pa kutua. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Ya nyuzi joto 20 hubeba karibu mara mbili ya ile ya nyuzi 10. Sasa hewa ya ndani ya gari, iliyopashwa na miili ya watoto, inapogusa kioo kilichopoa usiku kucha, inashindwa kuubeba mzigo wake na kuuacha pale pale kama vitone vidogo. Ni kitu kile kile kinachofanya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji itoe jasho.

Ndiyo maana ndugu zetu wa Dar es Salaam hawaijui sana adha hii. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Kila unapopanda mita 100 kuelekea mlimani, joto linapungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Aliyelaza gari nje Ilkiding'a anaamka na kioo cha baridi kuliko aliyelaza Njiro. Wa Dar huona ukungu kwa nje ya kioo, kiyoyozi kinapokipoza kioo na hewa ya pwani ikajasho juu yake. Wao waipa zinawatosha. Ukiwa na shaka ukungu uko upande gani, pitisha kidole kwa ndani.

"Funga dirisha, mtoto atapata nimonia"

Hapa ndipo kuna ugomvi wa kweli. Njia rahisi kuliko zote ya kuondoa ukungu ni kufungua dirisha kidogo, hewa yenye unyevu itoke na ya nje iingie. Lakini jaribu kufungua dirisha la daladala asubuhi ya Julai. Mama aliyembeba mtoto mgongoni atakwambia funga, bibi wa kiti cha nyuma atakwambia funga, na konda atalifunga yeye mwenyewe bila kukuuliza. Sababu ni moja: upepo wa baridi unaleta nimonia, au kichomi.

Nawaheshimu wanaosema hivyo, maana nimonia si ugonjwa wa kufanyia mzaha. Shirika la Afya Duniani linauhesabu miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2019 pekee uliua watoto zaidi ya 700,000 duniani. Lakini unaletwa na vimelea, yaani bakteria na virusi, vinavyotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Ndiyo sababu una chanjo: tangu 2013 watoto wa Tanzania wanapewa chanjo ya nimonia wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Upepo hauna chanjo.

Sasa fikiria gari lililofungwa vioo vyote, watoto kumi na wanne, wawili wanakohoa. Anachokitoa mmoja wanakivuta wengine. Kioo cheupe ni ushahidi wa macho kwamba pumzi za watoto hao hazitoki nje. Sehemu ya sababu ya mafua kuongezeka wakati wa baridi ni hiyo hiyo, kwamba tunajifungia pamoja. Wahudumu wanaowahudumia wagonjwa wa kifua kikuu wanafungua madirisha ya wodi na kliniki kwa sababu hiyo hiyo.

Pumzi zina jambo la pili. Hewa ya nje ina hewa ya ukaa kiasi cha sehemu 420 hivi katika kila milioni. Ndani ya gari lililofungwa lenye watu kadhaa, kiwango hicho kinaweza kupanda hadi maelfu kabla hamjafika mbali. Hakimuui mtu, ila kinaleta usingizi, kichwa kizito na umakini hafifu. Ukiona mtoto anafika shule amelala fofofo wakati nyumbani alitoka mchangamfu, usimlaumu kwa kuchelewa kulala kabla hujauliza kuhusu madirisha. Na anayeshika usukani anavuta hewa ile ile.

Sisemi watoto wapigwe na upepo. Dirisha likishushwa upana wa vidole viwili mbele, na jingine la upande wa pili nyuma, hewa inapita bila kumpuliza mtu usoni. Mtoto mwenye pumu ni tofauti kidogo: hewa ya baridi kweli inaweza kumbana kifua. Mkalishe mbali na dirisha lililo wazi, mfunike pua na mdomo kwa skafu, na dawa yake ya kuvuta iwe kwenye begi.

Kioo cha kushoto

Madereva wengi wakifuta, wanafuta cha mbele tu. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, dereva anakaa kulia, na watoto wanashukia kushoto. Ili dereva auone mlango na aliyesimama karibu na tairi la nyuma, lazima atazame kioo cha pembeni cha kushoto, na lazima atazame kupitia dirisha la kushoto la mbele. Dirisha hilo ndilo linalosahaulika. Likiwa jeupe, mtoto aliyedondosha chupa ya maji akainama kuiokota haonekani kabisa.

Kiganja nacho ni kifutio kibaya. Kinaacha mafuta ya ngozi, na jua au taa za gari linalokuja zikipiga hapo, kioo chote kinawaka kama bati. Wanaotoka Kisongo kuja mjini wanalijua hilo, maana jua la asubuhi linawapiga usoni. Kioo kichafu pia hushika ukungu haraka kuliko kisafi. Kisafishe kwa ndani mara moja kwa wiki kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha ukaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, au kwa gazeti la wiki iliyopita, ambalo hapo sisi waandishi tunakuwa na faida ya pili. Watoto wanaochora nyuso na majina yao kwenye ukungu waache wafurahi, ila mchoro utaonekana tena kesho.

Vitufe vitatu

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, maandishi yake hatuyasomi, lakini picha za vitufe ni zile zile dunia nzima. Cha kwanza kutafuta ni chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Maana yake gari limefungiwa hewa ile ile, hakuna inayoingia. Wengi tulikibonyeza Januari kukimbia vumbi la barabara na hatujakigusa tena. Kizime, au hamishia kwenye ule mshale unaotoka nje kuingia ndani. Kwa magari mengi, hilo peke yake ni nusu ya kazi.

Cha pili ni picha ya kioo chenye umbo la upepeo na mishale mitatu iliyojipinda ikipanda juu. Hicho kinaelekeza upepo kwenye kioo cha mbele. Feni iwe juu. (Picha kama hiyo yenye umbo la mstatili ni ya kioo cha nyuma, kinachopashwa kwa nyaya za umeme.) Cha tatu ni kiyoyozi. Najua utashangaa, baridi yote hii halafu uwashe kiyoyozi? Kiyoyozi hukausha hewa kabla ya kuipuliza: mvuke unagandia kwenye koili yake ya baridi na kutiririka nje, yale maji unayoyaona yakidondoka chini ya gari. Kiwashe pamoja na joto kwa wakati mmoja, geuza kitasa upande mwekundu. Hewa yenye joto iliyokaushwa husafisha kioo kwa dakika chache tu. Kinakula mafuta, ndiyo, lakini kwa dakika hizo ni kidogo mno, na unaweza kukizima ukishaona.

Kama kitasa kiko kwenye nyekundu na bado hewa ni ya baridi baada ya kilomita kadhaa, muulize fundi kama themostati ipo. Mafundi wengine huitoa wakiamini inachemsha injini, na injini isiyo nayo inachelewa sana kupata joto kwenye asubuhi zetu, hivyo hita nayo haina cha kutoa. Kirudishwe kifaa hicho. Na kama ukungu una mafuta mafuta, haufutiki vizuri, na ndani kuna harufu tamu tamu, huenda ile rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi inavuja kulanti. Hiyo haisubiri wikiendi, kwa sababu kulanti ni sumu, na utamu wake unawavutia watoto wadogo wakiikuta sakafuni.

Kuna wanaoning'iniza soksi yenye mkaa au chumvi ndani ya gari ili inyonye unyevu. Haidhuru, lakini usiitegemee. Kung'uta mikeka na kuiacha juani Jumamosi kunafanya kazi zaidi. Gari lenye harufu ya uvundo hata likiwa kavu juu juu, inua kapeti miguuni kwa abiria uguse sponji ya chini. Ikiwa imelowa, raba ya mlango imechoka au bomba la maji ya kiyoyozi limeziba. Kuvu inayoota humo huwasumbua sana watoto wenye pumu na mzio.

Jambo moja naomba lisichanganywe na hayo. Kuna wazazi wanaowasha gari likiwa ndani ya banda lililofungwa, wanawakalisha watoto humo wapate joto huku wakimalizia kufunga nyumba. Moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi wala harufu, na haiachi alama yoyote kwenye kioo. Toa gari nje kwanza, ndipo liwake, na watoto waingie mwisho. Wakilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya gari, hasa wote kwa pamoja, washushe kwenye hewa safi na uwapeleke hospitali hata kama wanaonekana wamepata nafuu, kisha ekzosi ikaguliwe kabla gari halijabeba mtu tena.

Kwa mnaolipia usafiri wa shule, wiki hii amkeni dakika tano mapema, mkasimame kushoto kwa gari mtoto anapopanda, na mjaribu kumwona dereva kupitia dirisha la mbele la upande huo. Msipomwona, naye hawaoni. Zungumzeni naye kwa adabu, maana mara nyingi si yeye aliyefunga madirisha, ni watoto, na walioagiza ni sisi. Muulizeni kama kiyoyozi kinafanya kazi. Kama hakifanyi, muulizeni kama vioo vya nyuma vinafunguka; kwenye Hiace nyingi vile vya kusukuma vimekwama kwa vumbi lililoshikamana kwenye reli yake, na mswaki wa zamani na maji ya sabuni vinatosha kuvilegeza.