Sodiamu iliyoshuka kwenye karatasi tu

Kwa Katibu Mkuu,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

Yah: Majibu ya maabara yanayopotoshwa na protini

Mimi ni mtu wa maabara, na ombi langu ni dogo: karatasi ya majibu ya sodiamu ionyeshe kama mashine ilizimua sampuli au la.

Mgonjwa wa mailoma, saratani ya seli za plazma kwenye uboho, hutengeneza protini ya aina moja bila kipimo. Mtu mzima mwenye afya huwa na protini kama gramu 60 hadi 80 kwa lita. Kwa mgonjwa huyu, hali ikiwa mbaya, huweza kupita mara mbili ya hapo. Mashine nyingi kubwa za kemia huzimua sampuli, kisha hukokotoa zikichukulia kwamba asilimia 93 ya plazma ni maji. Protini ikibana nafasi, maji yakabaki asilimia 86, sodiamu halisi ya 136 husomeka 126. Daktari wa zamu ya usiku akiiona namba hiyo anaweza kuagiza mgonjwa apunguziwe maji, au atundikiwe dripu ya chumvi kali. Na figo za mgonjwa wa mailoma zisivyotaka kunyimwa maji!

Mashine ya gesi za damu, ile ya ICU, kwa kawaida haizimui, hivyo damu ileile ingesoma 136. Hapo ndipo wodini wanapotuambia tumechanganya chupa.

Fosfeti nayo ina vituko vyake. Protini hiyo ikikutana na kitendanishi chenye asidi inaganda, kimiminika kinaingia ukungu, na mashine inahesabu ukungu kama fosfeti. Protini ikiondolewa na kipimo kurudiwa, namba hushuka.

Siombi mashine mpya. Naomba pia kanuni: protini jumla ikizidi gramu 100 kwa lita, sodiamu irudiwe kwenye mashine isiyozimua kabla majibu hayajatoka; mashine hiyo isipokuwepo, maabara impigie daktari simu. Simu hiyo imkumbushe kuagiza kipimo cha elektroforesisi ya protini, maana wagonjwa wengine hawajajua kama wana mailoma, na jibu hilo la ajabu ndilo dalili yao ya kwanza.



Mteknolojia wa maabara,
hospitali ya mkoa